Maiti Aliyezikwa Bila Watani

Tarsisi alikataa kumpa Bujiku binti yake kwa sababu Bujiku alizikwa bila watani.

Hakuna aliyebisha kwamba Bujiku yu hai. Alikuwa amekaa hapo hapo uani kwa Tarsisi, Ushirombo, juu ya kigoda, anatafuna michembe ya viazi, na Tarsisi mwenyewe ndiye aliyemkaribisha. Ila miaka miwili nyuma alifika Nyarugusu Mzungu mmoja mwembamba, wachimbaji wakamwita Bwana Miwani, akatengeneza sinema ya kutisha katika shimo la dhahabu lililoachwa. Alikuwa anatafuta mtu mrefu mwenye mashavu yaliyoingia ndani, awe maiti. Akampata Bujiku, kijana wa Songwa aliyekuwa akisomba mawe mgodini. Bujiku akapakwa majivu, akalazwa kaburini, akafukiwa udongo kidogo, kisha akafufuka akanyonga watu tisa. Sinema ikaitwa *Mfu wa Shimo la Saba*. Bwana Miwani akaenda zake kusini, na hakuonekana tena.

Sinema hiyo iliwashika watu vibaya. Cornel, fundi wa mashine ya kuonyeshea, aliizungusha kwa lori toka Songwa hadi Geita, na kila alikopita watu hawakutaka nyingine. Walilipa kuiona mara ya tano. Haikuwa na sauti, kwa hiyo waliisemea wenyewe. Mfu akinyoosha mkono tu, uwanja mzima unapiga kelele, "Geuka nyuma, we mjinga!" Yule mjinga hageuki, ananyongwa, na watu wanasikitika kana kwamba safari hii walitegemea atageuka.

Tarsisi alikuwa ameiona mara nne.

"Najua ni mchezo," alimwambia Bujiku. "Mimi si mshamba. Lakini hata kwenye mchezo, watani wako walikuwa wapi? Unashushwa kaburini, watu wamesimama kama miti. Hakuna anayekutukana. Hakuna aliyeruka kaburini akadai chake. Ndivyo anavyozikwa mtu?"

"Baba, watani walikuwepo."

"Sikuwaona."

"Walikatwa."

"Walikatwa nini?"

"Picha zao ndizo zilizokatwa, baba. Zikatolewa kwenye sinema."

Tarsisi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari za kijinga na mtu anayempenda. "Ndiyo maana ulifufuka ukaanza kunyonga watu. Ungezikwa vizuri ungelala. Ushirombo nzima inajua hivyo. Nikitoka misa ya Jumapili wananiuliza, mkwe wako si yule aliyefukiwa kama mbwa? Mtu ambaye watani wake hawaji msibani hana watu. Sasa binti yangu akifa kwako, atazikwa na nani?"

Bujiku akaweka michembe chini. Alikuwa amekuja kupanga siku ya harusi.

Mektilda, binti mwenyewe, alimsindikiza hadi kwenye baiskeli. Alikuwa msichana mnyoofu wa maneno.

"Kwaresima imebaki wiki tano," alisema. "Ikiingia, padri hafungishi ndoa. Na baba amesema hangoji Pasaka. Kalisti amekwisha tuma watu kuniposa."

"Kalisti ana nini?"

"Ana cherehani. Wewe una nini? Una kaburi."

"Wewe unamtaka?"

"Ningemtaka ningekueleza habari zake?" Akampiga kwenye bega. "Nenda kalete hao watani."

Haya, ukweli ni kwamba watani walikuwepo, tena walizidi. Bujiku ni Msukuma, na rafiki yake mkubwa pale Nyarugusu alikuwa Marselino, Mluguru wa milima ya Matombo. Wasukuma na Waluguru hutaniana, na kwenye msiba mtani ana kazi yake: anamcheka maiti, anazuia maziko, analala kaburini hadi alipwe ndipo atoke. Siku ile ya kupiga picha, Marselino alikuwa ameajiriwa asimame tu na kushika koleo. Alipoona Msukuma anashushwa kaburini hakuweza kujizuia. Aliruka ndani, akajilaza, akasema hatoki bila kuku. Bwana Miwani alipiga kelele hadi miwani ikaanguka. Fundi wa kamera akaendelea kuzungusha, akidhani ndivyo ilivyoandikwa. Mwisho mpishi wa Bwana Miwani alitoa kuku wa chakula cha jioni, Marselino akatoka, kazi ikaendelea. Lakini sinema ilipoonyeshwa mara ya kwanza watu walicheka hapo mpaka wakasahau kuogopa, basi Bwana Miwani akamwamuru Cornel akikate kipande chote.

Njia fupi ilikuwa kumchukua Marselino mwenyewe akatoe ushahidi. Bujiku akampakia nyuma ya baiskeli, wakaenda siku moja na nusu kwenye tope la mvua, Bujiku akikanyaga na Marselino akilalamika.

"Shikamoo, mzee," Marselino alisema walipofika.

"Marahaba. Wewe ndiye mtani wake?"

"Kwa bahati mbaya."

"Ulimzika huyu?"

Bujiku akamtazama rafiki yake. Njiani walikuwa wamelisema jambo hilo mara kumi. Marselino aliapa kwamba atajibu ndiyo, basi. Lakini alikuwa ameulizwa habari za maziko ya mtani wake mbele ya watu, na utani ukamzidi nguvu.

"Huyu?" alisema. "Msukuma huyu? Nipoteze jasho langu? Nilisikia amekufa nikaenda kulala. Hata nzi hawakwenda."

Wake wa jirani waliokuwa wakichambua maharage wakaanguka kwa kicheko. Tarsisi hakucheka.

"Umesikia," akamwambia Bujiku.

"Baba, anatania!"

"Basi hawezi kuwa shahidi. Mtani akisema ndiyo, nitajuaje kama hatanii pia? Niletee kitu cha kuona. Nitakachokiona kwenye shuka la sinema, hicho nitakiamini. Maneno yametosha."

Njia nzima ya kurudi Bujiku alikanyaga kwa hasira. Marselino nyuma akawa anasema, "Lakini ya nzi ilikuwa nzuri. Kubali ilikuwa nzuri."

"Nakuombea mguu wako mwingine nao ufupike."

"Wa kwanza ulifupika kwa kulima mlimani, kazi ya kiume. Wako umerefuka kwa kufuata mikia ya ng'ombe."

Cornel alikaa Geita, katika chumba kilichonuka gundi na mafuta ya taa. Alimsikiliza Bujiku, akafungua sanduku la mbao. Alikuwa na picha tatu za karatasi zilizopigwa siku ile, na alisema hakuna nyingine duniani.

"Watu wa Songwa walitaka kunipa shilingi mbili kwa kila moja. Nikakataa."

"Nikikupa mbili?"

"Wewe ni maiti mwenyewe, sikukatalii."

Bujiku akalipa sita. Picha ya kwanza ilikuwa imeungua upande mmoja, na upande uliobaki ulionyesha kofia ya Bwana Miwani. Ya pili ilikuwa ya Bujiku amekaa ukingoni mwa kaburi anakula chungwa. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na maana: kaburi, na miguu miwili ya mtu imetokeza juu kama michi. Bujiku akaendesha tena hadi Ushirombo, picha amezifunga kwenye kitambaa kifuani.

Tarsisi aliishika ile ya tatu juani, akaigeuza.

"Hii ni miguu," alisema.

"Ya Marselino, baba. Amelala kaburini."

"Miguu haina kabila. Hii inaweza kuwa ya Mha. Inaweza kuwa ya kwako." Akairudisha. "Ila hii ya chungwa nitabaki nayo. Umetoka vizuri."

Kwaresima ilikuwa imebaki wiki tatu.

Bujiku akarudi kwa Cornel akamkaba. Kile kipande kilichokatwa kiko wapi? Cornel akajikuna shingo. Alikuwa amekunywa pombe kwa mkopo mwaka jana katika kilabu cha Bhoke, Nyarugusu, na Bhoke hakutaka ahadi, alitaka kitu mkononi. Akampa ule mkanda wote.

Bhoke, ambaye wateja walimwita Mama Ghati, alikuwa mama wa Kikurya, mpana, mwenye kilabu safi kuliko vyote pale machimboni. Usafi wake ulitokana na mlango. Alikuwa ameukata ule mkanda vipande kumi, kila kimoja urefu wa mlango, akavitundika vikawa pazia la kuzuia nzi. Ukipita unavisukuma kwa mkono, vinalia chwaa, na nzi wanabaki nje. Bujiku alikuwa amepita katika maziko yake mwenyewe kila Jumamosi kwa mwaka mzima, kwenda na kurudi.

"Shikamoo, Mama Ghati."

"Marahaba. Leo mapema."

"Nimekuja kununua pazia."

"Pazia haliuzwi. Pombe ndiyo inauzwa."

"Mama Ghati, humo ndani nimo mimi."

Bhoke akashika kipande kimoja, akakiangalia dhidi ya mwanga. Akaangalia kingine. "Humu naona Mluguru mwenye deni langu," alisema. "Wewe umelala tu. Shilingi arobaini."

"Arobaini! Ni uchafu!"

"Ni uchafu unaozuia nzi. Unaweza wewe?"

Bujiku akauza baiskeli kwa mnunuzi wa dhahabu, shilingi tisini. Arobaini akampa Bhoke. Hamsini zikaenda kwa Cornel, za gundi na za kulipeleka lori Ushirombo kabla ya zamu yake. Kisha wakakaa chumbani kwa Cornel na vipande kumi vyenye moshi, pombe na mavi ya nzi, wakaanza kuvipanga. Hapo ndipo walipogundua kwamba hakuna anayejua kipi kinatangulia kipi.

"Hapa mguu mmoja uko ndani," Cornel alisema. "Anaingia au anatoka?"

"Angalia kama ana kuku."

"Mkono wa kushikia kuku umezibwa na doa."

"Basi weka katikati."

Vipande vingine havikuonyesha hata juu ni wapi na chini ni wapi. Cornel alivipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akavibandika kimoja kimoja, akavipuliza vikauke. Alisema kwa uzoefu wake mambo yatakuwa sawa.

Lori likafika Ushirombo siku ya Alhamisi. Kwaresima ingeanza Jumatano iliyofuata. Watu walijaa uwanja wa soko kabla jua halijazama, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna sehemu ya *Mfu wa Shimo la Saba* ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Walikuja toka hata Bukombe, wengine na vyakula vyao. Tarsisi aliwekewa kiti mbele. Kalisti naye alikuja, akakaa nyuma ya Tarsisi na shati alilolishona mwenyewe. Marselino aliletwa kwa lori, amekaa juu ya jenereta.

Giza lilipoingia sinema ikaanza, na watu wakaisemea kama kawaida. Shimo likabomoka, Bujiku akafa, wakamlilia. Jeneza likafika kaburini. Watu wakanyoosha shingo.

Marselino akatokea kwenye shuka.

Kelele zilizopigwa zilisikika hadi misheni. "Watani hao! Watani wamekuja!" Alionekana anatoka kaburini kwanza, kisha anaruka ndani, kisha yuko pembeni anacheka, kisha hayupo, kisha miguu. Mavi ya nzi yalikuwa makubwa kama vichwa vya watu na yalipita mbio kama mvua ya mawe. Hakuna aliyejali. Tarsisi alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa kichwani na alikuwa anacheka, na Bujiku, aliyekuwa hatazami sinema bali mgongo wa mzee huyo, akaanza kucheka naye.

Kikaja kipande cha tisa. Kilikuwa kimebandikwa juu chini. Watu wote kaburini walisimama kwa vichwa na mambo yote yakaenda kinyume. Marselino, akining'inia kama popo, alikuwa na kuku mkononi. Akamnyoosha. Mpishi wa Bwana Miwani akampokea, akarudi naye kinyumenyume hadi akatoweka.

Tarsisi akashusha mikono.

"Amerudisha," alisema.

"Amerudisha kuku!" uwanja ukajibu.

Kelele zikawa nyingine. Mtani akimrudisha kuku wa maziko, amemkataa maiti. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuja. Cornel akasimama juu ya lori akieleza kwamba kipande kimegeuka, kosa la gundi, atakigeuza sasa hivi. Akausimamisha mkanda taa ikiwa inawaka. Kwenye shuka likatokea doa la kahawia katikati ya kuku, likapanuka, likammeza mpishi, Marselino na kaburi lote. Kipande cha tisa kikaungua mbele ya watu wote.

"Marselino!" Bujiku aliita. "Waambie ulimla! Ulimla yule kuku!"

Watu wote wakageuka kumtazama Marselino juu ya jenereta. Alikuwa na uso wa mtu anayejua kabisa linalotakiwa.

"Nilimrudisha," alisema. "Alikuwa mwembamba kama mwenye msiba."

Kalisti alicheka mpaka akakohoa. Tarsisi hakucheka wala hakuondoka. Alimtazama Bujiku, kijana aliyekonda zaidi ya alivyokuwa kwenye shuka.

"Basi hukuzikwa," akasema. "Nilisema nitaamini nitakachoona, na nimeona. Kazi imebaki nusu. Kesho asubuhi tutaimaliza."

Walimchimbia kando ya shamba la mihogo, mbali na makaburi ya watu. Mvua ilikuwa imenyesha, na chini kulikuwa na maji ya kufika kisigino. Bujiku akaingia, akalala. Nusu ya watu wa jana walikuwa wamebaki kuangalia. Mektilda aliketishwa kwenye mkeka mahali pa mjane, kwa sababu lazima mtu akae hapo, na Tarsisi akawa mkuu wa msiba, kwa sababu Bujiku hakuwa na ndugu karibu.

"Masharti," Marselino alisema. "Kwanza, yule kuku aliyerudi nadai mwingine. Pili, maiti hasemi. Maiti akisema, tunaanza upya."

"Kuku mmoja atalipa," Tarsisi alisema.

Wakaanza. Marselino akamtukana Bujiku kwa ufundi, toka kisogo hadi kidole gumba, na watu wakafurahi. Hapo siafu wakapata njia ya kuingia kaburini.

"Wananila!" Bujiku akapiga kelele, akakaa.

"Maiti amesema," Marselino akatangaza. "Faini kuku wawili."

"Atalipa," Tarsisi alisema. "Bujiku, lala."

Akalala. Siafu wakaendelea. Marselino akaanza upya toka kisogoni, safari hii taratibu zaidi, kisha kama desturi inavyotaka akaruka ndani. Alikuwa mtu mzito na tope lilikuwa na utelezi. Kiwiko chake kilitua mdomoni mwa Bujiku, na Bujiku akahisi jino linatoka. Hakusema kitu. Alilimeza.

"Sitoki," Marselino alisema, amelala juu yake. "Humu mna baridi, lakini sitoki. Kuku watatu."

"Wawili!" alisema Tarsisi.

"Watatu, na bado sijazungumzia mjane."

"Mjane kafanya nini?"

"Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu. Baiskeli ameuza. Nguo zake hata siafu hawazitaki. Nimebaki na mjane. Namchukua, twende naye Matombo."

Watu wakapiga vigelegele. Mektilda akanyanyuka kwenye mkeka, akajifunga kanga vizuri.

"Twende basi," alisema. "Mradi unajua kulima mahali tambarare."

"Nitafundishwa!"

"Juu ya maiti unapayuka nini hapo? Toka unichukue!"

Watu walikuwa wanacheka. Tarsisi peke yake hakuwa na uhakika. Alikuwa amekwisha jifunza kuwa mtu huyu akiachiwa neno moja mbele ya watu analikamata hadi mwisho, na binti yake alikuwa anatania kwa sauti iliyofanana sana na sauti ya kukubali.

"Mbuzi!" akasema. "Anakombolewa kwa mbuzi. Kuku watatu na mbuzi, utoke kwenye hilo shimo!"

Kutoka chini ya Marselino ikatoka sauti ndefu, kama mlango wa zizi. Ulikuwa mguno. Bujiku alikuwa amehesabu gharama.

Watu wakachungulia kaburini. Marselino akainua kichwa. "Maiti amesema?"

Kama amesema, wanaanza upya toka kisogo. Kalisti alisogea mbele asikie vizuri. Bujiku, macho yamefumba, mdomo umejaa damu na tope, alingoja. Mektilda hakutania tena. Alimtazama baba yake.

"Hajasema," Tarsisi alisema. "Ni hewa inatoka. Maiti hutoa hewa, kila aliyewahi kuzika anajua." Akachukua koleo kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu, akatupia udongo kidogo miguuni mwa Bujiku. "Amezikwa. Nimeona mwenyewe. Haya, mtoeni mkwe wangu akaoge."

Walifunga ndoa Jumamosi, siku nne kabla ya Jumatano ya Majivu. Marselino alisimama shahidi, na padri alipomuuliza kama anamjua bwana harusi alisema ndiyo, mara moja tu, akatoka nje kwenda kutapika, maana ilimgharimu.

Jambo hilo lote lilimgharimu Bujiku hivi: baiskeli moja, iliyouzwa shilingi tisini. Shilingi sita za picha. Siku kumi na tisa za kazi ambazo mgodi haukumlipa. Kuku sita: mmoja badala ya aliyerudi, wawili wa faini, watatu wa kutoka kaburini. Mbuzi mmoja. Jino moja la mbele, juu, upande wa kushoto. Sinema yenyewe haikumtisha mtu tena, kwa sababu watu walikuwa wakitazama hadi maziko yanakwisha, wanasema huyu sasa amelala, wanakunja mikeka na kwenda nyumbani, na Cornel akadai fidia ya shilingi ishirini, akapewa kumi na tano. Mahari haimo katika hesabu hii. Ilikuwa ng'ombe tisa.